Mtaa wa Paris, Jua la Geita

Tarehe 15 Aprili 1874, kundi la wachoraji jijini Paris lilifungua maonyesho yake lenyewe katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, nyumba namba 35 ya Boulevard des Capucines. Kati ya kazi zilizotundikwa ilikuwemo picha ya Claude Monet ya mtaa huohuo, ulivyoonekana kutoka juu: miti iliyopukutika majani, magari ya farasi, na umati wa watu wakipita kando ya barabara. Siku kumi baadaye mwandishi Louis Leroy aliyakejeli maonyesho hayo kwenye gazeti la Le Charivari. Alibuni mchoraji mmoja wa kizamani, akamtembeza ukumbini, na alipomfikisha mbele ya picha ya mtaa akamfanya aulize vile vidoa vyeusi kule chini, vilivyokaa kama alama za ulimi, ni kitu gani. Akajibiwa kuwa ni watu. Mzee akahamaki, akataka kujua kama na yeye huonekana hivyo akipita barabarani.

Swali lile liliulizwa kwa dhihaka, lakini ni swali halali la sayansi na lina jibu la hesabu. Kulijibu hakuhitaji nauli ya Ulaya. Kunahitaji rula, mtaa wenye pilikapilika, na mahali pa juu pa kusimama. Mjini Geita, roshani yoyote ya ghorofa ya tatu inayotazama barabara kuu itatosha. Chini yako bodaboda wamejipanga wakisubiri abiria, mama lishe yuko na masufuria yake, machinga wametandaza viatu vya mtumba, vijana waliotoka machimboni wanapita na tope limewakaukia kwenye buti, na basi la Bukoba linapiga honi likitafuta njia. Tuujenge mtaa huo ndani ya jicho, hatua kwa hatua, tuone kama Monet alikosea.

Tuanze chini kabisa. Hakuna kinachoingia jichoni isipokuwa mwanga. Mwanga wa jua unampiga dereva wa bodaboda. Sehemu yake inanyonywa na shati, ngozi na bati la tangi, na sehemu inayobaki inatawanyika kila upande. Kiasi kidogo mno cha mwanga huo uliotawanyika kinapenya kwenye mboni yako, kinapindwa na lenzi, na kutua kwenye ukuta wa nyuma wa jicho unaoitwa retina. Hapo ndipo dereva yule anapoanza kuwepo kwako. Chochote ambacho hakikuchorwa na mwanga kwenye retina, macho hayakukiona, hata kama akili inaapa kwamba kipo.

Taswira hiyo ina ukubwa gani? Katika hesabu za macho, umbali kati ya lenzi na retina huchukuliwa kuwa takriban milimita 17. Ukubwa wa taswira unapatikana kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, ile tuliyofundishwa sekondari: chukua urefu wa kitu, gawanya kwa umbali wake, kisha zidisha kwa milimita 17. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170 akiwa mita 100 kutoka kwako anatengeneza taswira ya milimita 0.29. Mtu mzima, kuanzia kofia hadi kandambili, hafikii hata theluthi moja ya milimita. Akisogea hadi mita 200, nusu yake.

Sasa tuangalie kinachoipokea taswira hiyo. Katikati ya retina kuna kidimbwi kidogo kilichojaa seli za koni, ndizo zinazotupa rangi na uoni mkali. Zimebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi, na kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jirani yake ni takriban milimita 0.0025. Kila koni inatoa taarifa moja tu kwa wakati: mwanga wa kiasi hiki umenifikia. Haina uwezo wa kusema kwamba nusu yangu ya kushoto iko gizani na nusu ya kulia iko nuruni. Kwa hiyo ili vidoa viwili vionekane kuwa viwili, ni lazima kati ya koni mbili zilizopigwa na mwanga pawepo koni moja ambayo haikupigwa. Pungufu ya hapo, viwili vinakuwa kimoja.

Gawanya tena. Uso wa mtu una upana wa karibu sentimita 15 na urefu wa sentimita 20. Kwa umbali wa mita 200, uso huo unatua kwenye retina ukiwa na upana wa koni 5 na urefu wa koni 7. Yaani seli 35. Hizo ndizo zote zilizopewa kazi ya kukueleza kuhusu paji la uso, macho, pua, mashavu, mdomo na ndevu za yule bwana anayevuka barabara. Jicho lake moja lina upana wa sentimita 3 hivi, ambao ni koni moja. Hakuna pua hapo. Hakuna mdomo. Kuna doa la rangi ya kahawia juu ya doa la rangi ya shati, na chini yake mistari miwili inayopishana.

Basi mzee wa Leroy angejibiwa hivi: ndiyo, ukiwa mita 200 kutoka dirishani, ndivyo unavyoonekana. Wachoraji waliokuwa wakikuwekea vifungo vya koti kwa umbali huo ndio waliokuwa wakibuni.

Kipimo hicho ni rahisi kukikumbuka. Jicho zima lenye afya linatenganisha vitu vilivyoachana kwa sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja ya pembe, na hiyo kwa matumizi ya kila siku ni umbali gawanya kwa 3,400. Kwa mita 1, unatenganisha milimita 0.3. Kwa mita 10, milimita 3. Kwa mita 100, sentimita 3. Unaweza kuupima mwenyewe: chora mistari myeusi yenye upana wa milimita 1 iliyoachana kwa milimita 1, ibandike ukutani, kisha rudi nyuma taratibu hadi mistari iyeyuke iwe kijivu. Kwa macho mazuri na mwanga wa kutosha inayeyuka ukiwa mita kadhaa nyuma.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kuwa mchoraji wa mabaka alikuwa mvivu na mchoraji wa vifungo alikuwa hodari. Wanafanya kazi mbili tofauti. Usukumani, chama cha Bayeye, watu wa kucheza na nyoka, walipamba kuta za ndani za nyumba zao kwa michoro ya watu, nyoka na wanyama. Hans Cory aliikusanya michoro hiyo katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1953. Humo umbo lina mpaka ulio wazi na kila kiungo kipo mahali pake, kwa kuwa lengo ni kuhifadhi kinachojulikana kuhusu kiumbe yule. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini zilizoshindiliwa, alishika njia hiyohiyo, na baada ya kifo chake mwaka 1972 wafuasi wake waliendelea nayo hadi kwenye picha za mitaa ya mjini. Katika mtaa wa Tingatinga, abiria wa mwisho kabisa kwenye daladala ana macho mawili na meno. Mchoraji anajua abiria ana macho, na anakuambia. Picha ile imehifadhi ujuzi. Picha ya Monet imehifadhi mwanga uliofika kwenye dirisha moja kwa muda mfupi. Anayeitazama moja kwa kanuni za nyingine ataidhulumu.

Lakini bado sijamaliza na jicho, kwa sababu mita 200 ni kisa chepesi. Vipi kuhusu watu walio mita 20 tu chini ya roshani? Hao wana macho na pua zinazopimika. Mbona nao kwenye picha za aina hii wanabaki mabaka?

Jibu liko kwenye udogo wa kile kidimbwi cha katikati. Nyosha mkono wako mbele, simamisha kidole gumba, tazama ukucha. Eneo linalofunikwa na ukucha huo, kama nyuzi mbili za pembe, ndilo pekee unaloliona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Nje yake koni zinaachana, na uoni unashuka haraka. Fumba jicho moja, kazia macho neno moja katikati ya ukurasa huu, halafu bila kulihamisha jicho jaribu kusoma neno lililo sentimita 8 pembeni. Utaona kuna maandishi pale, ila hayasomeki. Mtaani ni vivyo hivyo. Ukimtazama mama lishe anapokatakata vitunguu, wale watu arobaini waliomzunguka ni mabaka yanayotembea. Tunadhani tunauona mtaa wote kwa ukali kwa kuwa macho yanarukaruka mara tatu hivi kwa sekunde na ubongo unaunganisha vipande. Mchoraji aliyeamua kutomkazia macho mtu yeyote, akautazama mtaa mzima kwa mkupuo, ataona umati. Umati ndiyo mada yake.

Kuna pia suala la muda. Mwaka 1838, Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, mtaa wa Paris wenye watu na magari tele. Katika picha hiyo barabara ni tupu. Sahani yake ilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, na kila aliyekuwa akitembea hakukaa mahali pamoja kiasi cha kuacha alama. Mtu mmoja alibaki: aliyesimama kung'arishiwa viatu, pamoja na dalili za anayemng'arishia. Jicho nalo linahitaji muda, ingawa ni mfupi mno. Mchana hukusanya mwanga kwa takriban sehemu moja ya ishirini ya sekunde kabla ya kutoa hesabu. Bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa husafiri mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo katika muda huo imesogea nusu mita. Ukiwa umekaza macho kwenye duka la simu lililo ng'ambo, pikipiki hiyo inapita mbele yake ikiwa imevutika, magurudumu hayana spoku, na dereva hana ukingo. Mpako mmoja wa brashi ulioburutwa kando unaieleza kwa uaminifu kuliko pikipiki iliyochorwa spoku moja moja.

Kabla ya kuingia kwenye rangi, nisahihishe somo moja linalorudiwa mno. Husemwa kwamba Waimpreshonisti, yaani Monet na kundi lile la Paris, waliweka nukta za bluu na njano pembeni kwa pembeni ili zichanganyike jichoni na kutoa rangi mpya. Tumia kanuni yetu uipime. Mpako wa brashi wenye upana wa milimita 5 unayeyukia kwenye jirani yake pale tu mtazamaji anapokuwa mita 17 nyuma. Hakuna mtu anayetazama picha ya sentimita 80 kutoka mita 17. Chumba chenyewe hakiruhusu. Uchanganyaji wa kweli wa jichoni uko mfukoni mwako: vidoa vya kioo cha simu ya kisasa vina upana wa karibu milimita 0.06, na kwa sentimita 30 jicho haliwezi kutenganisha kilicho chini ya milimita 0.09. Ndiyo maana nyekundu, kijani na bluu za kioo zinakuwa picha moja. Mipako ya Monet inabaki inaonekana kuwa mipako, na inafanya kazi nyingine: inakunyima kingo. Ubongo ukikosa kingo unaanza kutafuta, unajaza, na kule kujaza ndiko kunakofanya umati wa kwenye kitambaa utikisike.

Sasa rangi, na hapa Geita inaachana na Paris.

Hewa safi hutawanya zaidi mwanga wa mawimbi mafupi kuliko wa mawimbi marefu. Mtawanyiko huo hupanda kwa kipeo cha nne kadiri wimbi linavyofupika, kwa hiyo bluu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu ya nanomita 650. Kila upande wa anga unatumiminia bluu hiyo. Mahali palipopigwa na jua, mwanga wa moja kwa moja ni mwingi na bluu ya anga haionekani. Mahali palipozibwa na kitu, jua halifiki, lakini anga bado inafika. Kivuli basi ni mahali panapoangazwa na anga peke yake, na kwenye ukuta mweupe kivuli ni cha bluu.

Wengi hawaamini hadi wajaribu. Toboa tundu dogo kwenye karatasi ya kahawia, litazamie ukuta wa chokaa ambao nusu iko juani na nusu kivulini, hamisha tundu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Bila tundu, ubongo unasahihisha: unajua ukuta ni mweupe, unakuambia ni mweupe. Kwa tundu, ushahidi huo unaondolewa na rangi yenyewe inajitokeza. Wachoraji wa Paris walijizoeza kutazama hivyo, na viwanda vikawapa cha kuchorea: bluu ya kobalti iliyotengenezwa na Thénard mwaka 1802, bluu ya ultramarini ya kiwandani ya Guimet ya mwaka 1828, na mirija ya bati ya John Goffe Rand ya mwaka 1841 iliyowezesha rangi za mafuta kubebwa nje bila kukauka.

Pembe ya jua ilichangia pia. Paris iko karibu nyuzi 49 kaskazini mwa ikweta. Katikati ya Februari, saa ya jua kuwa juu kabisa, jua halipandi zaidi ya nyuzi 28, na mtu wa sentimita 170 analaza kivuli cha zaidi ya mita 3. Desemba kinapita mita 5. Mtaa mzima umechorwa mistari ya bluu kabla mchoraji hajafungua mrija. Geita iko nyuzi 3 hivi kusini. Jua hupita moja kwa moja utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 13 Machi na 30 Septemba. Hata Juni, linapokuwa limeegemea kaskazini kabisa, mtu huyohuyo adhuhuri anatupa kivuli cha sentimita 84. Desemba ni sentimita 64. Na adhuhuri ya Geita haiko saa sita. Saa yetu imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nao mji uko kwenye nyuzi 32, kwa hiyo jua linafika juu kabisa karibu saa saba kasoro dakika kumi. Muda huo kila mtu barabarani amekikanyaga kivuli chake.

Kwa maneno mengine, mchoraji wa Geita akiazima dawa ya Paris atakwama. Vivuli virefu vya bluu havipo kwa saa nyingi za mchana. Je, afanye nini? Atazame chini, kwenye ardhi.

Barabara kuu ina lami, lakini mitaa ya kando, vichochoro vya soko na maegesho ya malori ni udongo mwekundu. Wekundu huo ni oksidi ya chuma inayoitwa hematiti. Inanyonya karibu bluu na kijani chote kinachoifikia na kurudisha nyekundu. Ndugu yake wa manjano, goethiti, ni oksidi ya chuma iliyoshikilia maji ndani yake. Weka udongo wa manjano juu ya kipande cha bati kwenye jiko la mkaa, uache: ukifika joto la kama nyuzi 300 za selsiasi maji yale yanatoka na udongo unageuka mwekundu mbele ya macho yako. Tofali la manjano linaloingia tanuru na kutoka jekundu limepitia badiliko hilohilo. Unga huu ndio rangi ya kale kuliko nyingi alizotumia binadamu. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, imechorwa kwa wingi kwa wekundu wa chuma.

Chuma hicho kina uhusiano wa karibu na dhahabu, na nisingependa kuupita. Chini ya Geita kuna miamba yenye mistari ya chuma na mawe magumu ya silika, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa zake yalibeba dhahabu ikiwa imeshikana na salfa. Yalipogusa mwamba wenye chuma kingi, salfa iliiacha dhahabu ikaungana na chuma, na kutengeneza madini ya pairaiti yanayong'aa. Dhahabu ilipokosa cha kuibeba, ikatulia palepale. Mchimbaji mdogo anayesukuma mfuko wake wa mawe kwenye karasha, na mnunuzi anayepima gramu kwenye soko la madini lililofunguliwa mwaka 2019, wote wanaishi kwa kazi iliyofanywa na chuma. Mwamba huo ukiozeshwa na mvua na joto kwa mamilioni ya miaka, chuma chake kinabaki juu na kuwa vumbi linalotua kwenye shati lako.

Rudi mtaani saa saba mchana. Jua liko juu, linapiga ardhi kwa nguvu zote, na ardhi inarudisha mwanga mwekundu kuelekea juu. Kila uso unaotazama chini unaupokea: upande wa chini wa mwavuli wa mama lishe, dari ya kibanda, tumbo la turubai, kidevu cha kijana aliyeinama kukaza mnyororo. Na kila uso unaotazama juu ndani ya kivuli unapokea bluu ya anga. Tazama gari jeupe lililoegeshwa kivulini kando ya barabara ya udongo: sehemu ya juu ya mlango ina ubaridi wa bluu, na sehemu ya chini ina joto la tofali, kana kwamba limepakwa mara mbili. Huu ndio mfumo wa kivuli cha kwetu. Paris ilikuwa na kivuli cha rangi moja kilicholala barabarani. Geita ina kivuli cha rangi mbili kilichosimama juu ya watu.

Ngozi nyeusi inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko kitu kingine chochote mtaani, na sijaona likielezwa vya kutosha. Mwanga unaogusa ngozi hugawanyika. Sehemu kubwa inaingia ndani, inanyonywa na melanini, na inayobaki inatoka ikiwa na rangi ya ngozi. Sehemu ndogo, kama asilimia 4, hairuhusiwi kuingia; inaruka kwenye uso wa juu ikiwa na rangi ileile ya mwanga uliokuja. Kwenye ngozi nyeupe sehemu hii ndogo inamezwa na wingi wa mwanga unaotoka ndani. Kwenye ngozi nyeusi inabaki inaonekana wazi. Mchimbaji aliyesimama mlangoni mwa duka, jasho usoni, ana bluu halisi kwenye paji la uso na nyekundu halisi chini ya taya. Monet aliuona mwenendo huohuo kwenye kofia na makoti meusi ya Paris, ndiyo maana mabaka yale ya Leroy ukiyasogelea si meusi matupu. Mchoraji anayechukua mrija wa kahawia na kuupaka uso mzima amepoteza nusu ya taarifa iliyomfikia.

Shinyanga mjini hesabu inabadilika tena. Kule ardhi ni mchanga wa kijivu hadi mweupe uliotokana na mawe ya granaiti, na kwenye mabonde kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi. Mchanga mweupe unarudisha rangi zote kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo chini ya kidevu hakuna tofali. Kuna mng'ao usio na rangi unaofanya watu wakunje macho. Udongo wa mbuga unarudisha kidogo sana, na sehemu za chini za vitu zinabaki na giza. Miji miwili ya kanda moja, chini ya jua moja, na mchoraji anahitaji rangi tofauti.

Vumbi nalo lina kanuni yake. Kwenye picha za Paris, watu walio mbali wanafifia kuelekea bluu na kijivu, kwa kuwa kati yao na mchoraji kuna hewa, ukungu na moshi. Chembe za vumbi la Geita ni kubwa kuliko urefu wa wimbi la mwanga, hivyo zinatawanya rangi zote karibu sawa, lakini kwa kuwa zimejaa chuma zinameza bluu. Lori likipita mtaa wa udongo mwezi Agosti, kilicho mbali hakififii kuelekea bluu. Kinafifia kuelekea rangi ya ardhi. Aliyejifunza kwenye vitabu vya Ulaya kwamba umbali ni bluu atachora mtaa ambao hakuna mkazi wa Geita atakayeutambua.

Camille Pissarro, mchoraji mwenzake Monet, alilielewa suala la saa kuliko wengi. Ugonjwa wa jicho uliomzuia kufanya kazi kwenye upepo na vumbi ulimfungia ndani, na kuanzia Februari hadi Aprili 1897 alikodi chumba kwenye Hôtel de Russie, akachora Boulevard Montmartre kutoka dirishani mara 14: asubuhi ya mawingu, mchana wa jua, mvua, jioni. Mtaa haukubadilika. Kilichobadilika ni mwanga. Moja tu kati ya hizo ni ya usiku, na leo iko National Gallery, London. Ndani yake taa za umeme za barabarani ni baridi na nyeupe, na madirisha ya maduka yana uvuguvugu wa manjano na chungwa.

Usiku jicho linabadilisha seli zinazofanya kazi. Koni zinahitaji mwanga wa kutosha; ukipungua sana, kazi inachukuliwa na seli nyingine zenye umbo la fito, ambazo ni nyingi zaidi, zinahisi mwanga hafifu, na hazitofautishi rangi. Tena fito hizo zinahisi vizuri zaidi mawimbi ya karibu nanomita 500, upande wa bluu na kijani, na karibu hazina habari na nyekundu. Matokeo yake ni kwamba giza likiingia, nyekundu ndiyo inayozama kwanza na bluu inabaki. Kanga ya bluu na kanga nyekundu ambazo mchana zilikuwa na mng'ao sawa, baada ya jua kuzama ya bluu inaonekana kijivu hafifu na nyekundu inaonekana nyeusi.

Kwa mtaa wa udongo mwekundu hii ina maana ya moja kwa moja. Mahali ambapo taa hazifiki, ardhi ya Geita haina wekundu wowote wa kuchora, hata kama kila mtu anajua ni nyekundu. Mchoraji achanganye ardhi hiyo kwa nyeusi yenye bluu. Nyekundu yake aihifadhi kwa vitu vinavyojitolea mwanga wenyewe na kuziamsha koni: mkaa wa muuza mishikaki, taa ya nyuma ya bodaboda, na duara dogo la udongo lililo chini ya balbu ya kibanda cha chipsi, ambapo wekundu unarudi kwa upana wa hatua mbili na kuishia hapo.